Kizibo cha Bugarama

Kwa sisi tuliokulia Ujiji, Rusizi lilikuwa jina la mto kabla hatujajua kwamba ni jina la wilaya huko Rwanda. Habari zake tulisimuliwa palepale penye mwembe wa Livingstone, kwenye ziara za shule ambazo nusu yake ilikuwa kuokota maembe. Mwishoni mwa 1871, baada ya kukutana Ujiji, Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika kutazama jambo moja tu: je, Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Huko Ulaya wataalamu walikuwa wamegombana sana kwa ajili ya swali hilo, maana kama unatoka, huenda ndiko iliko asili ya Nile. Wakakuta unaingia. Wenyeji wa Uvira walikuwa wamemwambia Burton vivyo hivyo mwaka 1858, ila neno la mwenyeji lilikuwa bado halijapigwa mhuri.

Unaingia, basi. Unatoka Ziwa Kivu, mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, unateremka kwa kishindo ukizigawa Rwanda na Kongo, kisha Burundi na Kongo, na chochote ulichokizoa njiani unakuja kukimwaga kwenye maji tunayokunywa na kuvulia dagaa. Mei 2024 nilikuwa Kigali kwa shughuli nyingine, zikanibaki siku nne. Nikaamua kwenda kuuona unakoanzia. Mwaka huo ziwa letu lilikuwa limepanda, Gatumba kule Burundi imezama, na kila niliyempigia simu nyumbani alizungumzia wingi wa maji. Mimi nilikuwa na swali la pembeni kidogo: maji hayo yamebeba nini?

Stendi ya Nyabugogo wapiga debe bado wanaita Cyangugu, ingawa mabango yameshaandika Rusizi. Ni mwendo wa saa sita hivi, kupitia Huye na Nyamagabe, kisha Nyungwe, msitu ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2023. Barabara humo ndani inajikunja kama mkia wa kinyonga na ukungu unagusa vioo. Aliyekaa nami alikuwa mzee mwenye koti zito na kidumu cha asali miguuni. Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu. Alinieleza kwamba mizinga yake iko ukingoni mwa msitu lakini nyuki wake hawasomi ramani. Kahawa ikichanua wanaifuata bondeni, na kama mwenye kahawa amepuliza dawa asubuhi, jioni mzinga unakuwa kimya. "Namuomba apulize jua likizama, nyuki wakiwa wamelala," alisema. "Mwaka ingine anakubali. Mwaka ingine anasahau." Nikamuuliza kama kuna mahali pa kushtaki. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama kuna mahali pa kuishtaki mvua.

Kamembe, mji wa wilaya hiyo ya Rusizi, imekaa kilimani, na ng'ambo ya maji unaiona Bukavu imesambaa kwenye rasi zake kama vidole vya mkono. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi Rwanda mwaka 2017, lakini Kamembe hawakungoja bunge. Sokoni bei inatajwa kwa Kinyarwanda na kubishaniwa kwa Kiswahili. Usiku ule nililetewa sambaza za kukaanga na ndizi, nikala samaki wa tatu ndipo ulimi ukanikumbusha: hawa ni lumbu wa kwetu. Na ndivyo ilivyo. Wabelgiji waliwatoa Ziwa Tanganyika mwaka 1959 wakawapandisha Kivu, na wakazaana. Samaki wamepandishwa na watu, maji yanateremka yenyewe.

Asubuhi niliingia duka la pembejeo karibu na soko. Kwenye ukuta palikuwa na kibali cha biashara chenye mhuri wa RICA, mamlaka ya Rwanda ya ukaguzi na ulinzi wa mlaji, na nyuma ya kaunta binti wa miaka ishirini na kitu, amevaa koti jeupe, amesomea kilimo. Nilijifanya mkulima wa mpunga. Nikamwambia nataka dawa ya wadudu.

"Wadudu gani?"

"Wadudu wa mpunga."

"Umewaona au umesimuliwa?"

Nikakiri kwamba nimesimuliwa. Akacheka, akasema basi hakuna dawa ya masimulizi. Nilipomweleza shughuli yangu hasa, alinizungusha dukani kwa fahari ya mtu mwenye nyumba safi. Akanionyesha ukanda wa rangi chini ya kila lebo: nyekundu ni kali mno, njano inafuata, kisha bluu, kisha kijani. Rangi hizo zinafuata madaraja ya sumu ya Shirika la Afya Duniani, na alisema mkulima asiyejua kusoma anaweza walau kuogopa nyekundu. Rafu yake haikuwa na nyekundu hata moja. Njano zilikuwa nyingi. Zilizouzwa zaidi zilikuwa mchanganyiko wa profenofosi na sipametrini, ambao ulipata umaarufu tangu viwavijeshi vamizi walipoingia Rwanda mwaka 2017 na wanajeshi kuteremshwa mashambani kuwaokota kwa mikono na kupuliza dawa. Wakulima wanamwita mdudu huyo nkongwa idasanzwe, yaani funza asiye wa kawaida.

Chini ya kaunta alikuwa na daftari kubwa la mistari. Tarehe, jina la bidhaa, mtengenezaji, kiasi, mnunuzi, matumizi. Kila kilichotoka kimeandikwa kwa mwandiko wa duara, kama wa mwalimu wa darasa la kwanza. Sheria ya Rwanda ya kemikali za kilimo ni ya mwaka 2012, na kanuni zake za utekelezaji zilitoka 2016. Kwa ufupi zinataka bidhaa isajiliwe, muuzaji awe na leseni, na kila chupa iwe na lebo. Daftari lile ndilo sheria ilivyokuwa ikionekana hapo Kamembe, na nakiri lilinitia moyo. Nimeingia maduka ya namna hiyo Kasulu na Morogoro ambako mafuta ya kupikia na dawa ya nyanya vilikaa rafu moja.

"Wewe huna tatizo," nilimwambia.

"Tatizo langu halina duka," alijibu. "Nenda Bugarama siku ya soko."

Kutoka Kamembe kwenda Bugarama unashuka. Twegerane, kama wanavyoyaita mabasi madogo ambayo abiria husogeleana mpaka kila mtu amejua jirani yake amekula nini, ilituchukua saa moja na ushee, na kila kona joto lilipanda. Rwanda ya milima na sweta inaishia nyuma yako. Chini kabisa, mto unapokaribia mita 950, ndiko mahali pa chini kuliko pote nchini humo. Kuna michikichi, kuna vumbi la kiwanda cha saruji, kuna chemchemi za maji moto ambako watu wanaoga kutibu mgongo, na kuna bonde la mpunga lililonyooka kijani hadi unapochoka kutazama. Niliposhuka garini nilisikia harufu ya mawese ikichemka mahali, nikajiona nipo Ujiji.

Muuzaji nilimkuta chini ya mwavuli uliopauka. Mbele yake, juu ya gunia, alikuwa na wembe, betri, sumu ya panya kwenye vikaratasi, nyuzi za kushonea, na chupa tatu za maji ya kunywa za nusu lita, lebo zake zimebanduka. Ndani palikuwa na kimiminika cha rangi ya chai ya rangi. Alinisubirisha akimhudumia mama mmoja. Alifungua chupa, akajaza kizibo chake hadi ukingoni, akakimimina kwenye kijichupa alicholeta yule mama, kisha akafuta kidole gumba kwenye suruali. Hakumwaga hata tone. Ningemsifu kama angekuwa mfamasia.

"Hii ni dawa gani, kaka?"

"Simikombe."

"Na ile nyingine?"

"Ile pia ni simikombe, lakini iko nguvu kupita hii."

Simikombe zamani lilikuwa jina la bidhaa moja ya Kijapani, Sumicombi, ulimi wa Kinyarwanda ukalilainisha. Sasa ni jina la chochote kinachoua mdudu. Kwetu jina kama hilo lilikuwa tiyoda, kutoka Thiodan, yaani endosulfani. Nakumbuka mama akitafuta tiyoda ya maharage dukani wakati hata mwenye duka hajui ndani ya karatasi mna nini. Ziwa Victoria wavuvi waliimwaga majini, samaki wakaelea, na mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukafunga soko la samaki wa Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 2011 endosulfani iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm ili itokomezwe duniani. Jina halikutokomezwa. Linaazimwa na sumu nyingine, na anayelisikia anapima kwa mazoea ya ile ya zamani.

Nilinunua kizibo kimoja, faranga 200. Hapo nikafanya kosa ambalo kila bango la kilimo linakataza. Chombo nilichokuwa nacho kilikuwa kichupa tupu cha dawa ya kikohozi kwenye begi, chenye picha ya mtoto anayetabasamu. Ndicho alichokimiminia. Niliibandua ile picha kwa kucha nikiwa nimesimama juani, nikaandika SUMU kwa kalamu, nikafunga kwa mifuko miwili. Vidole vikaendelea kunuka hadi jioni ingawa nilinawa mara tatu. Niliporudi hotelini nilijaza maji kizibo cha aina ileile na kuyapima kwa bomba la kumnyweshea mtoto dawa: mililita sita hivi. Kipimo hicho nilikikuta tena shambani.

Mzee niliyemkuta kwenye tuta la mfereji alikuwa amejifunza Kiswahili Uvira, ujanani, akibeba mizigo bandarini. Nilimwamkia shikamoo. Akaicheka ile shikamoo kwa furaha: "Marahaba, marahaba! Weye uko Mutanzania." Alikuwa miguu mitupu, suruali imekunjwa hadi magotini, kitambaa cha khanga puani. Kando yake bomba la mgongoni la lita kumi na tano, mkanda mmoja umekatika na kuungwa kwa mpira wa baiskeli.

Alinionyesha bila kuficha. Maji ya mfereji yakajazwa kwa kikopo. Kisha vizibo vitatu. Tone la kwanza lilipogusa maji, ile rangi ya chai ikageuka nyeupe ghafla, ikapanuka kama maziwa kwenye kikombe, nzuri kutazama. Halafu akaongeza kizibo cha nne.

"Hiki cha nini, mzee?"

"Cha wakaidi."

Alipiga hatua kumi hivi, bomba likaziba. Akafungua ncha, akaipangusa kwenye shati, akaitia mdomoni akapuliza. Nilipiga kelele kabla sijajua napiga kelele. Alinishangaa. Akatema, akafunga ncha, akaendelea na kazi, na ukungu ule mweupe ukawa unarudi magotini mwake kila upepo ulipogeuka.

Tulipokaa kivulini nilimuuliza kama haumwi. "Jioni kichwa kinaniluma. Macho inakuwa na giza kidogo. Nakunywa maziwa, inaisha." Maziwa! Nimeyasikia Bugarama, nimeyasikia kwa bibi yangu, na nadhani yapo Afrika Mashariki yote. Dawa kama profenofosi inazuia kimeng'enya kinachozima amri ya mishipa ya fahamu baada ya kupita. Kikizuiwa, amri hazizimwi: mboni inasinyaa, mate yanatoka, kifua kinabana, na kwa dozi kubwa pumzi inakatika. Maziwa hayana la kufanya hapo. Hospitalini wanatumia atropini, na daktari anahitaji kujua mgonjwa amekutana na nini. Ndugu akiulizwa atasema simikombe.

Mamilioni ya watu duniani hupata sumu ya viuatilifu kila mwaka bila kukusudia, na baadhi yao hufa. Mzee yule yumo kwenye mamilioni hayo, lakini hakuna zahanati iliyomwandika, kwa kuwa yeye mwenyewe hasemi kwamba ameumwa. Anasema amechoka.

Nilimweleza habari za glavu, barakoa, buti. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akanipa mkono wake niushike, ukalowa papo hapo kwa jasho lake. Saa nne asubuhi, Bugarama, huwezi kuvaa mpira mwili mzima ukabaki hai hadi saa sita. Waandishi wa vipeperushi vya matumizi salama wanakaa nchi za baridi au kwenye ofisi zenye kiyoyozi, na mimi siku hizi sina uvumilivu nao. Dawa inayohitaji mavazi ambayo mtu wa hapo hawezi kuyavaa ni dawa isiyofaa kuuzwa hapo. Ndivyo nilivyokuja kuona mle bondeni, na sijaona sababu ya kulegeza.

Mkewe alikuja na viazi vitamu na akaleta hoja ya upande wa pili. Nyuma ya nyumba yao kuna ua wa umuruku, mmea ambao Waswahili tunauita utupa. Wanauotesha kufukuza fuko, na zamani waliuponda wakamwagia majani maharage. "Unaua, lakini polepole," alisema, "na sisi tuna deni la ushirika." Tukiwa tunakula, vijana ng'ambo ya mfereji walikuwa wakipiga madebe na kuvuta kamba zenye mikanda ya kaseti za zamani ili ndege wasishuke kwenye mpunga uliokwisha kutia maziwa. Walianza alfajiri. Kazi ya mikono ndiyo gharama ya kutotumia sumu, na gharama hiyo wanailipa watoto. Sikupata jibu la kumpa yule mama. Tena utupa wenyewe si malaika: mababu zetu waliutumia kulevya samaki.

Ndege wale walinikumbusha Bunyala, magharibi mwa Kenya, ambako mpunga unalimwa kama Bugarama. Huko watu walichanganya Furadan, yaani kabofurani, na mchele na konokono, wakaua korongo na bata kwa mamia ili wawauze kama kitoweo. Kelele zilizosikika duniani hazikuwa za Bunyala hata hivyo, zilikuwa za simba waliouawa na wafugaji kwa sumu hiyohiyo; ndipo mwaka 2009 mtengenezaji akaiondoa sokoni Kenya. Kabofurani iliingia kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam mwaka 2017. Mkataba huo haupigi marufuku kitu. Unasema nchi inayouziwa ipewe taarifa na ijibu kama inakubali au inakataa.

Jioni mzee aliosha bomba lake mfereji uleule alikochota maji. Utando mweupe ukaelea, ukapita penye bata wanne, ukapita penye wasichana wawili waliokuwa wakifua, ukapinda na mfereji. Mfereji unaingia mto Rubyiro, Rubyiro unaingia Rusizi.

Nilikuwa nimekwenda na hofu ya dagaa wangu, na nitasema ukweli wake. Mwaka 1976 wachunguzi walichapisha vipimo vya samaki wa Tanganyika, wakakuta masalia ya DDT, dawa ambayo ikishatupwa haina haraka ya kuondoka. Ziwa lile lina kina cha karibu mita 1,470 na maji yake hukaa karne kwa karne. Lakini sipametrini si DDT. Inaganda kwenye tope na kuoza. Inaua samaki kwa kiasi kidogo cha kutisha, ila wanaokufa ni wa mfereji, pamoja na vyura na wadudu wanaokula wadudu. Ujiji tutafikiwa mwisho. Wa kwanza ni bata, wa pili ni wale wasichana, na mzee alishatangulia kwa mdomo.

Kuna madhara mengine ambayo hayasafiri kwa maji. Vyandarua tunavyolalia vimetiwa dawa za jamii ya pairethroidi, zilizobuniwa kwa kuiga pareto, lile ua jeupe linalolimwa Musanze chini ya volkano. Sipametrini ni ndugu yao wa damu. Bonde la mpunga ni kitalu cha mbu, na mabuu yake hukua humo humo kwenye maji yanayopulizwa. Mbu anayesalia shambani ni yule asiyeuawa na dawa, na huyo ndiye anayefika chandaruani. Bugarama ni nchi ya malaria. Usiku niliolala huko nilihesabu mbu saba ndani ya neti kabla sijazima taa.

Kesho yake nilitembea hadi mpakani. Ng'ambo ni Kamanyola, Kongo. Kushoto, kilomita chache, ni Ruhwa, mpaka ambao Burundi ilikuwa imeufunga tangu Januari, kwa hiyo kwenda kwetu kwa kufuata mto hakukuwezekana. Kamanyola kulikuwa wazi. Akina mama walivuka na nyanya, sabuni, vifaranga kwenye matenga. Afisa alipekua tenga moja kwa fimbo. Chupa tatu za nusu lita zenye rangi ya chai zingepita hapo na angedhani ni chai. Kila nchi inasajili dawa zake: iliyokataliwa huku inaweza kuwa halali kule, na bei ndiyo inayoamua itavukia upande gani. Kuna ABAKIR, mamlaka ya bonde la Ziwa Kivu na mto Rusizi ya nchi tatu. Mto umepatiwa ofisi ya pamoja, sumu bado.

Na tusiseme ni mambo ya wachuuzi. Mwaka 2018 nchi za Ulaya ziliidhinisha kuuzwa nje tani zaidi ya 81,000 za viuatilifu ambavyo zenyewe zimevikataza mashambani mwao. Mle mlikuwa na lebo, leseni na mihuri yote. Ufaransa ilianza kuuzuia mtindo huo mwaka 2022. Bonn, Septemba 2023, mataifa yalijiwekea lengo la kuachana na viuatilifu hatari zaidi ifikapo 2035, pale ambapo hatari haijadhibitiwa na mbadala upo. Sentensi hiyo ina milango miwili ya kutokea.

Nchi moja haikungoja. Sri Lanka iliondoa sokoni dawa kali, hasa tangu 1995, moja baada ya nyingine, mpaka parakwati, dimethoeti na fenthioni zikafuata kati ya 2008 na 2011. Hawakuwafundisha wakulima kuvaa glavu zaidi ya sisi. Waliifunga bandari. Vifo vya watu kujidhuru, ambavyo vingi vilitokana na dawa za shambani zilizokaa jikoni, vilipungua kwa kiasi cha asilimia 70 katika miaka ishirini, na mpunga wao haukuporomoka. Ukiuliza ni kanuni gani ilimfikia mkulima wa mwisho kijijini asiyesoma lebo, ni hiyo: hakuikuta dukani, hakuikuta gunia la mchuuzi, kwa sababu haikuteremka melini.

Siku ya nne nilipanda tena Kamembe na kichupa changu, nikaenda moja kwa moja kwa yule binti. Nilikiweka kaunta kwenye mifuko yake miwili. Hakukigusa kwanza. Alivaa glavu, akafungua mfuko, akasoma neno nililoandika, akaniuliza, "Hii umenunua au umepewa?"

"Nimenunua. Nataka unitajie ni nini."

Alikiinua penye mwanga wa mlango. Hakukinusa. Alisema inaweza kuwa ile ya profenofosi, inaweza kuwa kitu cha ng'ambo, inaweza kuwa vitu viwili ndani ya kimoja. Pasipo maabara anayesema anajua anadanganya. Nilimuuliza nikitupe wapi. Alifikiri sana. Chooni hapana, shimoni hapana, mtoni hapana. Mwishowe akafungua kabati la kufuli ambamo huweka zilizopitwa na muda, zikingoja kuchukuliwa, akakisimamisha pembeni, kidogo kuliko vyote.

Kisha akatoa lile daftari. Akaandika tarehe. Kwenye safu ya bidhaa akapiga mstari. Kwenye mtengenezaji akapiga mstari. Kwenye kiasi akasita, akaniangalia, akaandika kwa mwandiko wake wa duara: kizibo 1. Akaniuliza jina langu, nikampa, akaliandika. Ikabaki safu ya matumizi. Kalamu ilikaa hewani.

"Hapa niandike nini?" aliniuliza.